Paluku Hashtuki

Munigi, karibu na Goma

Kwako Papa Masika,

Nakusalimu wewe na wote walio nyumbani Butembo. Je, kifua chako kimepona? Na lile paa la jikoni, fundi amelimaliza? Huku tunaendelea, na binti yetu Masika amepata nguvu baada ya kujifungua.

Nimepata ujumbe wako kwamba mbuzi wa ubatizo yuko tayari na kwamba tumlete mjukuu wetu Paluku Jumapili ijayo. Hatutakuja. Soma hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Unajua kwamba Paluku aligeuka manjano mpaka kwenye macho, akalazwa chini ya taa ya buluu hospitalini. Rangi ilipotoka, tulidhani mambo yamekwisha. Nyumba hii iko kando ya barabara. Pikipiki zinanguruma, chukudu za mbao zilizobeba mizigo zinaruka juu ya mawe ya volkano, naye analala. Jirani yetu, Mama Furaha, akasema, "Huyu ni mutoto wa Goma kabisa! Hata bunduki na masasi haitamuamusha." Nikamjibu kwamba amemrithi babu yake, anayelala misa nzima. Tukacheka.

Muuguzi hakucheka. Tulipompeleka mtoto kupimwa uzito, alisema, "Mama, manjano ikipanda sana inaweza kuumiza mushipa wa kusikia. Tumupime kwanza, kisha mutamusifu." Walimbandika vijiwaya kichwani akiwa usingizini, wakamtilia sauti masikioni. Jibu halikuonekana sawasawa. Hiyo bado si hukumu: pengine mshipa unapona, pengine la. Lazima apimwe tena mwezi ujao, na ikiwa hasikii, asaidiwe mapema, kabla umri wa kujifunza kusema haujampita.

Mama Furaha akamnong'oneza Masika, "Rudi kwenu tu. Hospitali inapenda kutafuta magonjwa." Asubuhi nilimkuta binti yako akifunga mizigo. Niliifungua.

"Mama, na wakisema ni kiziwi?"

"Basi tutajua namna ya kumlea. Nipe nepi."

Kwa hiyo mbuzi aendelee kula majani. Mweleze padri. Msalimie dada yako aliyetushonea kofia. Inamtosha mtoto vizuri. Msalimie pia kaka yangu wa kwaya. Nyimbo za ubatizo asiziache.

Na uwaambie wote: siku tutakapofika, mtu asipige makofi nyuma ya kichwa cha mtoto ili kumjaribu. Mimi nimekwisha kupiga ya kutosha. Njooni mbele yake, aone nyuso zenu, ndipo mseme jina lake.

Ni mimi mkeo,
Mama Masika