Mkwe Mbele ya Televisheni

Hoteli ya Abdi, Salama
Jumatatu

Kwa Kioko, mwana wa mama, huko nyumbani Migwani,

Soma barua hii ukiwa peke yako, nyuma ya ghala, na uketi chini kwanza, kwa sababu unaandikiwa na mtu mkubwa. Sasa mimi ni mwenye televisheni. Iko mbele yangu ninapoandika, pana kama kabati la marehemu mama, na watu wa Salama hunisalimia kwa heshima ndipo niwawashie.

Haya, umeshaanza kucheka. Televisheni ni ya Abdi, mwenye hoteli. Mimi huosha vikombe, na Jumamosi hubeba betri ya gari mgongoni kuipeleka ikachajiwe. Hata kuigusa siruhusiwi, tangu siku ile niliyoizungusha mpaka picha ikalala chali.

Ninyi mko aje? Miguu ya mama Mwikali imeacha kuvimba? Mvua imewafikia, ama mnaitazama ikinyesha upande wa Tulia kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima. Usingizi tu ndio umenikataa tangu jana. Sababu yake ni binti yangu Mwikali na mbuzi za Jumamosi, lakini lazima nianze na mchezo wa televisheni, la sivyo hutanielewa. Vumilia, hata mimi nilikuvumilia ukiwa umeokoka.

Kila Jumapili jioni kuna mchezo wa karani mmoja na mke wake. Watu wa hapa huja na viti vyao, na mimi hukaa karibu na jiko nikiwasumbua kwa maneno. Abdi huniambia, "Mzee, nyamaza, tusikie wenye mshahara." Sinyamazi, kwa sababu mwandishi wa mchezo huo anatudharau. Jumapili moja karani amelewa, anaanguka kwenye mtaro. Jumapili inayofuata ameokoka, ana tai, anaimba. Alitubu saa ngapi? Wiki nzima wametuficha, halafu wanatuletea mtu mwingine mwenye sura ileile! Wewe Kioko ilikuchukua miaka kumi na moja kuacha pombe ya kaluvu, na kila ndengu zikivunwa ulikuwa unairudia. Hivyo ndivyo mtu anavyobadilika, anaenda na kurudi kama mbuzi mwenye kamba.

Halafu yule adui yao. Amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, na kabla hajafanya ubaya anakohoa, na ngoma zinalia ili hata kipofu ajue. Niliwaambia hapa, "Huyo ameandikwa na mtu ambaye hajawahi kuumizwa." Mtu mbaya wa kweli hakohoi. Anakusaidia kubeba gunia.

Kuna mmoja tu aliyeandikwa sawasawa, mama mkwe. Anamtesa mke wa karani kwa ulimi, lakini chakula kikija anamwekea nyama nzuri, halafu anamchungulia akiila. Wanawake hapa wanamtukana. Mimi nampenda kwa sababu namwogopa, sijui kesho atafanya nini, na nikiangalia nyuma naona yote aliyofanya yalikuwa yake. Kitu kingine kinachonikera ni kwamba kila mke akipigwa, mchungaji anabisha hodi. Kila mara! Mwandishi anamhurumia. Huku kwetu hakuna mwandishi.

Sasa sikiliza. Jana jua likishuka, pikapu ya buluu ikasimama nje, na kijana akaingia. Nilimjua kabla hajakaa. Ile picha ya studio uliyonitumia, yeye amesimama nyuma ya Mwikali na mkono begani, nimeibandika juu ya kitanda changu. Alikuwa Musyimi, mkwe wetu, mnunuzi wa ndengu, na lile pengo lake la jino. Yeye hanijui. Hajawahi kuniona, na hapa wote huniita Mzee wa Chai. Nilitaka kumkumbatia. Lakini unanijua, nikasema wacha nimchezee kwanza.

"Karibu, kijana," nikamwambia. "Bibi hajambo?"

"Bado siku sita niwe naye, mzee. Msichana wa upande wa Kitui. Mpole, hana maneno mengi."

"Na baba yake? Isiwe ni mkali."

"Baba ni kama hayuko. Anatangatanga huko mbali, hajui lolote. Kuna baba mdogo tu, na huyo ukimpelekea sukari anakushangilia."

Ndugu yangu, hapo nilicheka kutoka tumboni. Hiyo ya sukari ni wewe kabisa. Nikamwongezea chai bure.

Mchezo ukaanza. Karani yule aliyeokoka amerudia ubaya, akamfungia mke wake chumbani, na mke akaupiga mlango kwa ngumi mbili. Wanawake wakafyonya. Abdi akasema, "Huyu ni mnyama." Musyimi alikuwa anapuliza chai yake.

"Hajui kazi," akasema. "Mwanamke ukimfungia mlango atapiga kelele, majirani watakuja. Chukua viatu vyake tu. Kwa ile miiba yetu, atakwenda wapi?"

Abdi akageuka. "Wewe si umesema hujaoa? Umejulia wapi?"

"Mtu hujifunza," akajibu, kisha akaomba andazi lingine.

Hakucheka, Kioko. Hakukohoa. Alisema kama fundi anayemwona mwenzake ameshika nyundo vibaya. Na mchungaji wa televisheni akabisha hodi, watu wakapiga makofi, naye akapiga makofi pamoja nao.

Alipotaka kuondoka aliniambia nimtilie maji kwenye rejeta. Nikafungua mlango wa pikapu kutafuta kitambaa cha kushikia kifuniko, maana kilikuwa moto. Chini ya kiti kulikuwa na viatu vya kike. Jozi mbili. Moja ya plastiki, ndogo, kamba imekatika. Ingine ya ngozi, ya mguu mkubwa. Vumbi lilikuwa limelala juu yake, hazikuwa zimevaliwa kwa siku nyingi.

Nilipoinuka alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini.

"Mzee, unaitwa nani vile?"

"Mzee wa Chai."

"Sawa," akasema. "Nitakukumbuka." Akanishika bega, polepole, vilevile kama kwenye picha.

Tangu hapo nimejaribu kumwandikia sababu nzuri. Pengine ni viatu vya dada zake. Pengine alibeba abiria wakavisahau. Lakini ni nani anashuka kwa gari asahau viatu, tena watu wawili? Nimekaa na hilo hadi asubuhi na bado halijakubali kukaa vizuri. Na kosa ni langu. Uliniandikia kwamba anaomba vizuri kanisani, nami nikajibu "endeleeni". Mimi ninayemcheka mwandishi wa karani, nilimwamini mtu kwa ukurasa mmoja.

Wewe unajua desturi kama mimi. Mbuzi za ntheo zikiletwa, mmoja akachinjwa na wazee wakala, msichana ameshakuwa mke wa mtu. Hata akirudi kwetu mbio, miguu mitupu, tutaulizwa kwanza tulikula nini. Na mbuzi zinafika Jumamosi asubuhi.

Ningekuja leo, lakini Abdi amekwenda Garissa kwa mambo ya mifugo, ameniachia funguo na hatarudi mpaka Ijumaa usiku. Jumamosi kukipambazuka nitakuwa barabarani, lakini kwa kubadilisha gari Machakos na Kitui siwezi kufika kabla ya alasiri. Barua hii nampa dereva wa lori la chumvi, anapita Migwani Jumatano.

Msalimie mama Mwikali, umwambie alale chumba kimoja na binti yake wiki hii, asiulize kwa nini. Msalimie shangazi yetu asiyesikia, kwa sauti kubwa. Msalimie mke wako, anayenilaumu kwa kila kitu. Safari hii ana haki. Mwikali usimwambie neno, ila umuulize mkiwa wawili, taratibu, kama anamtaka huyu mtu ama anatuheshimu tu.

Jambo la mwisho. Ile siku ulipoangusha mzinga wa baba, nikasema ni mimi, nikachapwa mpaka nikalala kifudifudi siku mbili. Hujawahi kunilipa wema huo, nami sijawahi kuudai. Leo naudai. Mbuzi wakija wapokee, wape maji, wafunge kivulini, waimbie wageni wimbo wowote unaojua. Lakini asichinjwe hata mmoja mpaka nifike. Wazee wakiona njaa, waambie kisu kimepotea. Watakuamini, Kioko, hujawahi kutunza kitu maishani.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka