Mvua ya London Haijazi Mto

Jumatatu, 7 Julai
Leo kiwandani tumeletewa samaki aina ya samoni kumi na wawili tu. Tumewapasua, tumewatia chumvi, saa nne kazi imekwisha. Tukafagia chumba cha kukaushia samaki kwa moshi mara mbili ili tuonekane tuna shughuli. Doreen, mwenzangu wa mezani, alikaa uani kuota jua. London nzima inalifurahia jua hili. Mimi nalichukia.

Jumatano, 9 Julai
Kila asubuhi tajiri, mwenye kiwanda, hupiga simu Wales, kwa wavuvi wa kwenye mlango wa mto, kisha huandika ubaoni kwa chaki joto la maji na kina chake. Leo digrii sabini za Farenhaiti. Samoni wako baharini, wanangoja. Maji yakiwa haba na ya moto hawapandi mtoni. Wanataka mvua, mto ujae, upoe.
Wakipanda, tajiri ataniandika kazi ya kudumu. Bila karatasi hiyo binti yangu Nasrin, niliyemwacha Mombasa, hapati kibali cha kuja. Mwaka jana sikumjua samaki huyu hata kwa jina. Leo ndiye aliyemshika mwanangu.

Jumapili, 13 Julai
Barua ya kaka kutoka Mombasa. Amenyimwa leseni ya duka kwa kuwa si raia wa Kenya. Yeye na mama wanapanda meli ya Bombay tarehe mosi Agosti. Anauliza: Nasrin aende nao, au abaki angoje kibali? Ana miaka tisa. Faili lake la kibali liko Nairobi. Akihamia India, foleni inaanza upya.
Sijajibu. Nangoja mvua kwanza.

Alhamisi, 17 Julai
Sabini na mbili. Wafanyakazi wawili wameachishwa kazi. Nimeomba mvua katika sala zote tano. Doreen akijua atanipiga.

Jumatatu, 21 Julai
Mvua! Ilianza nikiwa ndani ya basi. Nilifika Southall nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu. Nalala kwa wifi yangu Shirin, dada wa marehemu mume wangu. Alinifungulia mlango akasema, "Ndiyo hiyo, bi wewe! Dalili ya mvua ilikuwa mawingu, sasa mvua yenyewe. Peleka telegramu kabla posta haijafunga."
Nimepeleka. Maneno mawili: NASRIN ABAKI. Atakaa kwa jirani yetu Mama Rukia mpaka kibali kitoke. Wiki sita, labda nane. Leo nimekula nikashiba.

Jumatano, 23 Julai
Siku tatu inanyesha. Ubaoni: sabini na mbili. Kina, kilekile.
Nikamwuliza tajiri mvua yote hii imekwenda wapi. Akaniambia, si kwa ubaya, "Mama, inanyesha hapa. Kule Wales ni jua kali."
Mpumbavu mimi. Katika ramani ya shuleni Mombasa, Uingereza nzima niliifunika kwa kidole kimoja. Nilidhani ikinyesha, inanyesha kote. Na mimi mtu wa pwani, najua mto Sabaki hufurika kwa mvua ya bara ilhali Malindi kukavu! Sikuuliza. Ningeuliza mtu mmoja tu.

Alhamisi, 24 Julai
Telegramu ya pili: NASRIN ASAFIRI. Shirin hanitazami usoni. Simlaumu, wala sitaki anihurumie.

Jumamosi, 26 Julai
Kaka amejibu kwa telegramu. Nafasi ya Nasrin melini ilirudishwa siku ileile ya telegramu ya kwanza. Meli imejaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 30 Julai
Nimeachishwa. Wa mwisho kuja, wa kwanza kutoka. Doreen alilia, akanifungia kipande cha samoni katika gazeti. Nimempa paka wa Shirin. Harufu yake siitaki.

Ijumaa, 1 Agosti
Leo meli.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimezunguka viwanda vinne. Vibarua wanatakiwa. Wa kudumu, hapana.

Jumamosi, 16 Agosti
Doreen ameleta habari. Wales imenyesha wiki nzima, mto umejaa, samoni wanaingia kwa mamia. Tajiri amewachukua kazini wapwa zake wawili.
Barua ya Mama Rukia imefika pia. Mama yangu alipanda meli analia. Nasrin hakulia. Alimwambia nyanya yake asihuzunike, yeye anakwenda London. Amekwisha kuwaaga wenzake wa chuo cha Kurani. Kila jioni huuliza ataondoka siku gani.
Nimekaa mezani kumwandikia. Nikaandika jina lake. Nikaandika kuwa sijambo, na shangazi Shirin hajambo. Nikaandika kuwa huku mvua inanyesha.
Ukurasa uliobaki ni mweupe. Nimeukunja hivyohivyo, nikautia katika bahasha.