Mustari wa Auderghem na Ule wa Bukavu

Jumanne. Mvua ya Brussels, ile isiyonyesha wala kuacha, kama mugeni anayeaga huku amekaa.

Leo nimemusindikiza binti yangu Furaha kwa notaire, yule mwanasheria wa karatasi za nyumba. Ananunua nyumba Auderghem, mutaa wa hapa Brussels. Nilivaa koti yangu ya mazishi, sababu nyingine ya maana sina.

Huyo notaire, watu wanamuita Maître, mwekundu kama nyanya kwa jua la likizo, akatusomea karatasi za zamani za ile nyumba. Akafika mahali, akakohoa. Wenye kiwanja wa kwanza waliandika: isiuzwe wala kupangishwa kwa watu wa rangi.

Nikamuuliza: «Maître, na wewe, na rangi hiyo nyekundu, wangekuuzia?»

Furaha akanikanyaga muguu chini ya meza.

Bon. Maître akasema mustari ule ulishakufa zamani, hauna nguvu, na katika acte mpya, hati ya Furaha, ataandika kwamba umeondolewa. Nikasema futa, futa sana, maiti haikai mezani na watu! Nikajisikia mukubwa kama chifu.

Ndani ya tramu, tukirudi, nilikuwa ningali nacheka. Furaha hakucheka.

«Papa, na ule mustari wa kwetu?»

Nikajifanya natazama mvua.

Parcelle yetu ya Bukavu, kiwanja chetu cha kule, marehemu baba yangu aliandikisha kwa karatasi yake: isirithiwe na mutoto mwanamuke, sababu mwanamuke anaolewa na kupeleka udongo kwa wengine. Sasa Deo, mudogo wangu, anataka kuigawanya kwa watoto wetu, wake na wangu. Mimi ndiye mukubwa, anangoja neno langu. Ukuta wote wa ile parcelle, Furaha ndiye aliujengesha. Na mutoto mwingine mimi sina.

Donc mimi ni nani? Yule anayefuta, ama yule aliyeandika?

Sielewi kitu, kweli.

Wazungu wale wa Auderghem siwajui, mustari wao niliufutisha nikicheka. Lakini baba yangu, hata kikohozi chake ningali nakisikia. Nikifuta neno lake atanijia ndotoni na fimbo. Nikiliacha, Furaha yuko jikoni, bila fimbo, na huyo ndiye ninamuogopa zaidi.

Ameniwekea bugali mezani. Hakusema «karibu, papa».

Bugali imepoa. Kesho Deo atapiga simu. Nitamwambia afute? Ama nitasema tena réseau ya simu ni mbaya, kama juzi alipopiga?