Mswada wa Babu Yake Marisel

Alhamisi, Mirdif

Najigeuzageuza kitandani, sijui kama Marisel, mtumishi mwenzangu wa ndani huku Uarabuni, amekosea.

Babu yake, huko Ufilipino, anakaribia miaka mia. Ujanani alipigana vita vikuu vya pili chini ya bendera ya Marekani, na Wamarekani wakamwahidi haki zote za askari wao. Vita vilipoisha, sheria ikabadilishwa, haki zikafutwa. Uraia ulikuja wakiwa wazee. Pensheni kamili mpaka leo ni mswada unaokwama katika bunge la Marekani.

Leo mchana tulikuwa jikoni tukimenya viazi vya madam, babu yake akapiga simu. Marisel aliongea kikwao, akakata, akainama.

"Ameuliza kama mswada umepita. Nimemwambia umepita."

"Kumbe haujapita?"

"Mwanaidi, daktari anasema hamalizi wiki." Akapangusa macho kwa kiwiko. "Amecheka. Halafu akauliza, na wenzangu? Nikamjibu, wote wamepata."

Wenzake wote walishazikwa.

Babu yangu mimi alipigania Waingereza kule Burma, akafa anaulizia barua yao ya pensheni. Kila alipouliza tulimwambia ukweli, kwamba haijaja. Sioni ukweli huo ulimfaa nini.