Dodoso Lililojibiwa na Waume

Shoga, mtakwimu wetu kapigwa kofi mbele ya bosi! Kofi la kurusha miwani!

Si unalijua lile dodoso lake la mtandaoni, la wanaopigwa na waume zao? Leo kasimama kifua mbele: "Wanawake wote wa hapa kazini wamejibu. Anayepigwa, sifuri."

Sifuri, shoga!

Mama wa usafi katupa ndoo, kamvaa, paa! "Ile linki uliituma kwa nani?"

"Kwenye namba uliyoandikisha, mama."

"Hiyo ni simu ya mume wangu! Kajibu yeye, huku kanikanyaga shingo!"

Akavua mtandio. Alama ya soli ingali mbichi.

Mtakwimu kageukia ubao. Kafuta sifuri, kaandika moja.

Ndipo katibu wa bosi akasema polepole, "Wangu alinisimamia nikijibu. Andika mbili."