Kikombe cha Yaya Sefu

Jumamosi, 3 Machi 1979
Salongo tangu alfajiri, kazi ya lazima ya serikali, kufyeka mitaro ya mtaa wetu wote wa Mangobo. Mgongo wangu! Narudi, Papa na Mama hawajagusa mboga ya pondu wala wali. Siku ya nne. Mama amebaki mifupa na kitenge. Muuguzi Évariste alipita, akawapima, akanivuta kando. Wakiendelea hivi hawafiki Pasaka, akasema. Niwape kitu baridi, laini, cha matunda — na sukari hapana, kwa ajili ya ugonjwa wa Papa.
Matunda yapo. Friji ya mafuta ya taa ipo, hata kama inatoa moshi kuliko jiko.

Jumapili, 4 Machi
Nimeponda papai na ndizi zilizoiva sana, utamu wote umo humo. Nikakamua ndimu, nikagandisha. Kila nusu saa nakoroga kwa uma, la sivyo barafu inakuwa jiwe, na wazee hawana hata jino moja.
Wamekula! Papa alilamba kijiko pande zote mbili. Mama akaomba tena. Nililia jikoni kwa furaha, peke yangu.
Kosa moja. Vikombe havikutosha, nikachukua cha kaka yangu, yaya Sefu. Kwetu kikombe cha aliye safarini hufudikizwa juu ya kabati. Mwenyewe ndiye atakayekigeuza siku akirudi. Chake kilikaa hivyo tangu mwaka wa 64. Mama alikiona mezani, akakivuta karibu yake. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 6 Machi
Nanasi na stafeli. Mama kasema niweke vikombe vitatu.
“Na ya Sefu, Nyota. Ametoka mbali.”
Nikaweka. Bora ale; kubishana na mzee mwenye njaa ni kutwanga maji kwenye kinu. Saa nane nakwenda kuosha. Viwili vimekwisha. Cha tatu — barafu imebaki nusu, na imeng'atwa. Alama za meno, safi kabisa, na mwanya katikati.
Yaya Sefu alikuwa na mwanya.
Panya, nimejiambia. Panya wa Mangobo wana meno makubwa.

Ijumaa, 9 Machi
Mashavu ya Papa yamerudi. Mama anasuka mkeka! Évariste anacheka: bon, matunda ni dawa, endelea tu. Kiti cha tatu kinalowa kila mchana. Maji yenye harufu ya tope la mto. Nafuta, nageuka, yapo tena.
Jana nilijaribu kuweka vikombe viwili tu. Mama alifunga mdomo. Papa naye. Mpaka jioni hata maji hawakunywa. Naogopa kiti kile, lakini naogopa zaidi kuwazika. Leo nimeweka vitatu.

Jumapili, 11 Machi
Niandike tu, hakuna wa kusoma.
Mwisho wa ule mwaka wa 64, wa uasi, nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliwaambia wazee kwamba nilimwona yaya Sefu akivuka mto salama hadi Lubunga, ng'ambo, akanipungia mkono. Uongo! Mtumbwi ulipigwa risasi katikati ya mto. Nilimwona akizama. Mama alikuwa mgonjwa, nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na minne. Hatukukaa matanga. Hakusomewa hitma. Wazee wangu wanamngoja mtu aliyekufa, na ni mimi niliyewangojesha.
Nikisema sasa, watafunga midomo, na mara hii hawatafungua. Nisiposema — na huyu anayekuja mchana je?

Jumatano, 14 Machi
Matunda ya marakuja leo. Mama alikuja jikoni kwa miguu yake, yeye niliyekuwa nambeba hadi chooni. Akasema nijaze vikombe vinne. Nikauliza cha nne ni cha nani.
“Ya kwako. Sefu anasema unamukimbia.”
Nikamwambia nina kazi.
“Kazi itangoya. Anasema ile siku ulikuwa ku mto, uliona yote. Anataka weye utuambie. Yeye hawezi, mayi imejaa mu kinywa.”
Sijamwambia mtu habari ya mto. Hata mmoja!
Wamekaa mezani. Nawaona kutoka hapa, mlango uko wazi, jua limejaa ndani. Wazee wangu wameelekea kiti cha tatu, wanatikisa vichwa polepole, kama watu wanaosikiliza. Kikombe changu kinayeyuka. Mwandiko gani huu.
Papa ananiita. Sauti yake nzito, ya zamani.
“Nyota, mwana, kuya. Tumekula. Tuko na nguvu ya kusikia. Sema.”
Nimesema nakuja. Nimesema mara tatu.