Kipimo cha Magurudumu cha Papa Feruzi

CHAMA CHA GARI NA MASHINDANO, STANLEYVILLE

Kikao cha Jumamosi, tarehe 17 Julai 1965, kilichofanyika garajini, nyuma ya nyumba ya Papa Feruzi, kuanzia saa tisa alasiri.

Waliokuwapo: Papa Abdulhamid, Mwenyekiti, Tonton Lambert, dereva, Mama Zaina, mke wa Papa Feruzi, Aziza Feruzi, Katibu.

Asiyekuwapo: Papa Feruzi, fundi (alivuka mto kwenda Lubunga Agosti 1964, hajarudi).

KUMB. NA. 1/65: JINA LA ASIYEKUWAPO
Dereva alipendekeza jina la Papa Feruzi liondolewe, kwa kuwa limeandikwa hivyo vikao sita mfululizo. Mama Zaina alimwuliza kama ameona kaburi. Dereva alisema hapana. Jina lilibaki.

KUMB. NA. 2/65: TAIRI ZA MBELE
Mwenyekiti alieleza kwamba tairi zote mbili za mbele zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Gari linafanya teksi siku sita kwa juma, na tarehe 1 Agosti ni mashindano ya kwanza tangu vita.

Dereva alieleza chanzo. Mwaka jana Papa Feruzi aliyafungua magurudumu ya mbele yaelekee nje kidogo, ili gari likate kona upesi katika mashindano ya Jumapili iliyofuata. Juma lile lile waasi waliingia mjini, mashindano hayakufanyika, gari likafichwa. Tangu litolewe, linatembea mjini na kipimo cha mashindano.

“Bon, mama, kwa course iko muzuri,” alisema. “Lakini hapa mujini inakula pneu sawa mutu wa njaa.” Aliomba ruhusa ya kuzungusha ufito wa usukani, unaoelekeza magurudumu ya mbele, ili yanyooke.

Mama Zaina alikataa. “Mukono ya mwisho kugusa pale ni ya bwana yangu.”

“Alors, tutanunua pneu kila mwezi juu ya mapendo?”

“Wewe hata hujaoa, utajua nini?”

Mwenyekiti aliomba mambo ya ndoa yasiingizwe katika ajenda.

KUMB. NA. 3/65: NAMNA YA KUPIMA
Mwenyekiti alipendekeza kipimo cha Papa Feruzi kichukuliwe na kuandikwa kabla ya kuguswa. Alimwuliza Katibu, kama binti wa nyumba hii, ana maoni gani. Katibu alijibu kwamba ataandika.

Mama Zaina alikubali. Dereva aliingia garini ili uzi wa kupimia uvutwe kando ya magurudumu. Mama Zaina alimzuia. Alieleza kwamba gari hushuka kwa uzito wa anayeliendesha, na Papa Feruzi, aliyeliendesha mwenyewe siku za mashindano, hakuweza kulala chini ya gari na kukaa kitini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikaa, na kilo ishirini za mchele mapajani, ili zitimie kilo sabini na nane za mumewe. “Wewe Lambert uko muzito kumupita, mifuko mbili muzima. Toka.”

Dereva alitoka. Mchele uliletwa kutoka jikoni, ukapimwa. Mama Zaina alikaa.

Ilionekana kwamba magurudumu yameachana mbele zaidi kuliko nyuma kwa milimita tatu, na juu yameegemea ndani kidogo, sawasawa pande zote mbili. Dereva alikiri kwamba yeye asingeweza kupima vizuri hivyo.

Ilikubaliwa:
Mwegemeo wa magurudumu usiguswe. Kwa kazi ya mjini ufito uzungushwe nusu mzunguko, mbele na nyuma pawe sawa. Kila Jumapili ya mashindano urudishwe kwenye kipimo cha Papa Feruzi, na Jumatatu ufungwe tena kwa kazi ya mjini.
Kipimo kimeandikwa hapa ili akirudi asikitafute.

KUMB. NA. 4/65: KUFUNGA
Dereva alizungusha ufito. Mama Zaina alitazama mbele, mikono juu ya usukani. Dereva alipomwambia, “Mama, shuka, tumemaliza,” alisema, “Muniache kidogo.”

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja na robo. Wajumbe walitoka nje. Mchele wa chakula cha jioni ulikuwa bado garini, mapajani mwa Mama Zaina, na hakuna aliyeuomba.

Abdulhamid, Mwenyekiti ....................

Aziza Feruzi, Katibu ....................